Mafuta haya ni ya lini? Kupima mafuta ya kukaangia katika majiko ya Mombasa

Ilikuwa mwezi wa Mei, masika yameshika, na hoteli ile ya Pwani ya Kaskazini ilikuwa na wageni wa kuhesabu kwa vidole. Jikoni kulikuwa na fraya mbili zimepangwa bega kwa bega. Ya kushoto ilikuwa ya samaki na kuku, mafuta yake meusi kama kahawa tungu. Ya kulia ilikuwa ya chipsi tupu, mafuta yang'aa rangi ya asali, unaona mpaka chini. Mpishi mkuu alikuwa ameshamtuma kijana akamwage ya kushoto. Nikamwambia ngoja kwanza. Nikachovya mita ya kupimia uchakavu wa mafuta, nikakoroga taratibu, nikasubiri namba itulie; kadiri namba inavyopanda ndivyo mafuta yalivyochakaa. Ya kushoto: 16. Nikapangusa kichwa cha mita kwa karatasi, nikahamia ya kulia: 27.5.

Mpishi akaitazama mita, akanitazama mimi. "Kaka, hicho chombo chako kimeharibika."

Nikapima tena. 27.5.

Mita haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la macho, na macho hayo tunayo sote: mpishi wa hoteli, mama wa viazi karai Kibokoni, na mteja anayechungulia karai kabla ya kuagiza. Tumekua tukijua kwamba mafuta meusi ni mabaya na ya rangi ya dhahabu ni mazuri. Mara nyingi ni kweli. Lakini zile mara chache ambazo si kweli ndizo zinazomfanya mtu amwage mafuta mazima, kisha amkaangie mteja kwa yale yaliyokufa.

Ndani ya karai mna nini

Mitungi ya lita 20 inayoingia majikoni mwetu mingi ni mafuta ya mawese. Mawese ghafi hushushwa bandarini Kilindini kutoka Malaysia na Indonesia, husafishwa viwandani, na sehemu yake nyepesi, iitwayo oleini, ndiyo hiyo tunayokaangia. Kwa joto la hapa Mombasa hayagandi. Mtungi uo huo ukiupeleka Limuru asubuhi ya Julai utaukuta na wingu jeupe chini, na mtu asiyejua ataapa kwamba ameuziwa mafuta yaliyochanganywa.

Yawe ya mawese, alizeti au mahindi, mafuta karibu yote ni kitu kimoja: trigliseridi. Fikiria uma wa meno matatu. Mpini ni gliseroli, na kila jino ni mkia mrefu wa asidi ya mafuta. Uma ukiwa mzima, mafuta ni mazima. Kukaanga ni kazi ya kuvunja uma hizo, na wavunjaji ni watatu.

Wa kwanza ni maji. Kiazi kibichi ni maji kwa zaidi ya robo tatu ya uzito wake, na ule mlio wa chwaa unaousikia kikitumbukia ni maji yakigeuka mvuke. Mvuke huo ukipita katika mafuta yenye moto hung'oa jino moja la uma. Jino lililong'oka huitwa asidi huru, na uma uliobaki na meno mawili huitwa digliseridi. Lakini mvuke huo huo una wema wake: unapopanda juu hutanda kama blanketi na kuizuia hewa isiguse mafuta. Shika jambo hili, tutalirudia.

Wa pili ni hewa. Oksijeni hushika mkia wa asidi pale penye kiungo dhaifu, na mafuta ya alizeti au mahindi yana viungo dhaifu vingi kuliko mawese. Ndiyo maana mawese huvumilia karai siku nyingi, hata kama daktari wa moyo angependa ule alizeti. Chuma huharakisha kazi hii, na shaba huiharakisha zaidi. Chujio lenye waya wa shaba halina kazi kwenye karai. Umbo la chombo nalo lina neno lake. Karai lina mdomo mpana, hewa hugusa eneo kubwa. Fraya ni nyembamba na ndefu kwenda chini, na chini ya mabomba yake ya moto pana sehemu ya ubaridi ambapo makombo hutua bila kuungua. Karai halina hiyo sehemu, kwa kuwa moto u pale pale kitakoni.

Wa tatu ni moto wenyewe. Molekuli zilizojeruhiwa hushikana mbili mbili, tatu tatu, zikawa minyororo iitwayo polimeri. Hizo unazijua hata kama jina hujawahi kulisikia. Ni ule ulimbo wa kahawia unaoganda ukingoni mwa karai, ambao sabuni na waya wa kusugulia vyote huusalimu na kupita.

Sasa tazama. Uma mzima hauna upande wa chanya wala wa hasi unaojitokeza sana. Umeme wake umesambaa. Asidi huru, digliseridi, na mabaki ya molekuli zilizoliwa na oksijeni huwa zimeelemea upande mmoja, zina ncha mbili kama sumaku. Wanakemia huziita za pola. Ukikusanya vitu vyote vya pola vilivyomo na kuvihesabu kwa asilimia ya uzito wa mafuta, umepata jumla ya pola, na ndiyo zile namba zangu, 16 na 27.5.

Mafuta mapya nayo si sifuri. Mawese huanza juu kuliko alizeti kwa sababu digliseridi zimo tangu kwenye tunda, kwa hiyo usishtuke ukifungua mtungi mpya ukasoma 7 au 8. Kikomo ndicho cha kuangalia. Ujerumani wanayakataa mafuta yakipita 24. Ufaransa, Ubelgiji, Italia na Uhispania, 25. Austria, 27. Tofauti hiyo yenyewe inakwambia kwamba hakuna ukuta pale, kwamba si kweli 24 ni chakula na 25 ni sumu. Ni mahali ambapo watu waliokaa na maelfu ya sampuli walikubaliana kwamba kutoka hapa chakula kinaanza kuonja vibaya na kuharibika kunashika kasi. Panya waliolishwa kwa wingi mafuta yaliyochemshwa hadi kuharibika walidumaa na maini yao yakavimba, lakini panya hao walikula mafuta mengi mno kuliko mtu anayekula chipsi Ijumaa. Kwa maoni yangu wa kuhurumiwa kwanza ni mpishi. Mwaka 2010 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilichapisha uamuzi wake kwamba moshi wa kukaanga kwa joto kali huenda unasababisha saratani kwa binadamu. Mteja hula dakika kumi akaondoka. Mpishi anavuta moshi ule saa kumi kwa siku.

Na hapa nitoe doa moja. Watu wengi wakisikia "mafuta mabaya" hukumbuka akrilamidi, ile kemikali ambayo Wasweden waliigundua katika vyakula mwaka 2002. Akrilamidi haitoki kwenye mafuta. Hutokana na sukari na asidi ya amino iitwayo asparajini, vyote vimo ndani ya kiazi chenyewe, vikikutana na joto kali. Mafuta mapya ya leo yakiwa na nyuzi 195 yatakupa chipsi zenye akrilamidi nyingi kuliko mafuta ya juzi yenye nyuzi 170. Ulaya wanataka joto lisizidi 175. Dawa yake ni kipimajoto na kutounguza chipsi. Mita ya mafuta haihusiki.

Jicho, pua na masikio

Turudi kwenye rangi. Viazi karai vimechovywa kwenye unga wenye manjano, na rangi ya manjano huyeyuka katika mafuta vizuri sana. Bhajia ni hivyo hivyo. Mahamri yana sukari na tui la nazi, kaimati ina unga unaomwaga chembe, samaki wa kukaanga ana tangawizi, thomu na pilipili, na kuku akikaangwa na mfupa hutoa damu. Sukari na protini vikikutana na moto hutoa weusi, na weusi huo huingia kwenye mafuta hata kama uma zake bado nzima. Chipsi tupu hazina hayo yote. Mafuta ya chipsi yanaweza kuchakaa kabisa huku yamebaki rangi ya asali. Kwa hivyo rangi ni ushahidi wa ulichokaanga kuliko wa hali ya mafuta. Inafaa tu kwa anayekaanga kitu kile kile kila siku, akilinganisha leo na jana.

Kuna watu huchuja mafuta kwa kitambaa cha melimeli kila usiku, na hilo ni jema kwelikweli, kwa sababu makombo yakibaki huungua na kuharakisha uharibifu. Ila wengi huamini kwamba wameyasafisha. Chuja mafuta yenye 22, yatatoka yanameremeta, na ukipima utasoma 22. Molekuli za pola zimeyeyuka ndani yake kama chumvi ndani ya maji, kitambaa hakizioni. Vivyo hivyo kipande cha kitunguu au tangawizi kinachokaangwa ili kuondoa harufu ya samaki: kitaondoa harufu kiasi, basi. Zipo poda za kuchujia, mojawapo ni silikati ya magnesi, ambazo hunasa asidi huru na baadhi ya vitu vya pola kweli, lakini hiyo ni kazi nyingine na gharama nyingine.

Povu linasema kweli kuliko rangi. Ukitia kiazi, mapovu makubwa hupanda na kupasuka mara moja. Hayo ni maji. Mafuta yaliyochakaa hutoa povu dogo dogo, jembamba, la rangi ya manjano, linalopanda ukingoni na kukaa. Polimeri zimeyafanya mafuta mazito na povu halipati nafasi ya kuvunjika. Ukiliona hilo, usingoje mita.

Moshi pia. Oleini mpya ya mawese huanza kutoa moshi zaidi ya nyuzi 220. Kadiri asidi huru zinavyoongezeka ndivyo kiwango hicho kinavyoshuka, na mafuta yanayotoa moshi chini ya nyuzi 170, ambalo ndilo joto la kukaangia, yamefika mwisho. Tofautisha moshi na mvuke: mvuke ni mweupe na hupotea hewani, moshi una ubuluu na huchoma macho. Kinachochoma ni akrolini, inayotokana na ule mpini wa uma, gliseroli, ukiungua.

Wengine watakuuliza kuhusu kipimo cha peroksidi, yaani vitu vya kwanza kutokea oksijeni ikishika mafuta, kwa sababu kimeandikwa kwenye cheti cha mafuta mapya. Kwa mtungi uliofungwa kina maana. Kwenye karai hakina, maana peroksidi huvunjika kwenye joto la kukaangia karibu mara tu zinapotokea. Nimewahi kuona mafuta yaliyooza kabisa yakirudi kutoka maabara na peroksidi ya kupendeza. Aliyeyapeleka alikuwa ameuliza swali lisilohusu.

Vijikaratasi

Kipimo cha bei nafuu kuliko vyote ni vijikaratasi. Kimoja kina mistari minne ya buluu. Unakichovya kwenye mafuta ya moto, unasubiri, mistari inageuka njano mmoja mmoja: wa kwanza asidi huru zikifika kama asilimia 2, kisha 3.5, kisha 5, kisha 7. Hakitaki betri wala fundi, na mhudumu wa siku ya kwanza anaweza kukitumia.

Lakini jua kinapima nini. Kinapima jino lililong'oka peke yake, yaani kazi ya maji. Hakioni kazi ya hewa wala ya moto. Jiko linalokaanga vitu vyenye maji mengi, viazi vibichi, muhogo, samaki, litafaidika nacho, kwa sababu huko mvunjaji mkubwa ni maji. Fraya inayokaa moto siku nzima bila chakula itamdanganya mtu: asidi huru chache, polimeri tele. Halafu kuna shida yetu ya kienyeji. Mafuta ya viazi karai yamejaa manjano, na karatasi ya buluu ikichovywa humo mtakaa mkibishana kama ni kijani au njano. Mimi kwenye karai la manjano sipotezi kijikaratasi.

Mita

Kipimo cha maabara cha jumla ya pola ni cha uvumilivu. Hupimwa kama gramu 2.5 za mafuta, hupitishwa kwenye mrija uliojazwa chembe za silika, zile uma nzima hupita na za pola hunasa, kisha hukaushwa na kupimwa kwenye mizani. Ni kazi ya saa kadhaa na viyeyushi vinavyoshika moto. Hakuna mpishi atakayeifanya kati ya chakula cha mchana na cha usiku.

Mita ya mkononi huzunguka njia hiyo. Mwisho wa mkono wake kuna kibamba kidogo chenye nyuzi mbili za dhahabu zilizopangwa kama meno ya vitana viwili vilivyoingiliana bila kugusana. Hiyo ni kapasita, chombo cha kubeba chaji ya umeme, na mafuta yanayojaa kati ya meno huamua itabeba chaji kiasi gani. Molekuli zenye ncha hujigeuza kufuata umeme, kwa hiyo zikiwa nyingi, chaji inayobebwa huongezeka. Mita husoma ongezeko hilo, husoma joto, hupiga hesabu, na kukupa asilimia, mara nyingi na taa ya kijani, njano au nyekundu.

Ukishaelewa hivyo, masharti yake yote yanajieleza. Maji yana ncha kali mno kuliko mafuta, kwa hiyo tone moja la maji linaloelea humo litakupandishia namba bure. Toa chakula, subiri kama dakika tano mpaka mapovu yaishe, ndipo uchovye. Koroga, kwa sababu mafuta ya juu na ya chini hayalingani. Usiguse ukingo wa karai, kikapu wala mabomba ya moto, chuma huvuruga umeme wa kapasita. Na kama fraya ni ya induksheni, yaani inayopasha moto kwa nguvu ya sumaku, izime kwanza. Usipime mafuta ya baridi. Pangusa kibamba kwa karatasi laini kila baada ya kupima, maana mafuta yakiganda pale na kuwa ulimbo, siku nyingine utakuwa unapima ulimbo wa wiki jana. Na kila baada ya muda pima mtungi mpya unaoujua: kama mita inayokupa 7 kila mara leo inakupa 12, mgonjwa ni mita.

Kosa ninalolikuta mara nyingi halimo katika hayo. Ni mtu kupima Jumatatu asubuhi kabla ya kazi, na Ijumaa usiku baada ya kazi, kisha kulinganisha. Chagua wakati mmoja. Mimi huwaambia wapime wakifunga, kabla ya kuchuja na kabla ya kuongeza.

Namba inavyodanganywa

Kwa nini kabla ya kuongeza? Piga hesabu. Karai lina lita 10 zenye 30, yaani zimepita kila kikomo. Ongeza lita 5 mpya zenye 6. Sasa una lita 15 na wastani ni 22. Taa si nyekundu tena, kila mtu ameridhika. Lakini ule uchafu wa mwanzo haujaenda popote, umegawanywa tu, na zile molekuli zilizoliwa na oksijeni ni kama hamira: zinayachachisha na mapya. Karai lile litafika 30 tena upesi kuliko lilivyofika mara ya kwanza. Kuongeza mafuta kila siku kabla hayajaharibika ni upishi mzuri. Kuongeza baada ya kuharibika ni kuficha.

Kisha kuna lile jambo ambalo kila Mkenya amelisikia: mafuta ya transfoma. Kampuni ya umeme imelalamika hadharani kwa miaka kwamba transfoma hufunguliwa na mafuta yake kuibwa, na mojawapo ya mahali yanapodaiwa kuishia ni kwa wakaangaji wa chipsi, kwa sababu "hayaishi". Kwa nini hayaishi? Kwa sababu si trigliseridi. Ni mafuta ya madini, jamaa ya dizeli. Hayana uma wa kung'olewa meno. Mvuke hauna cha kuvunja. Kijikaratasi kitabaki buluu kwa raha zake. Na mita je? Mafuta ya madini hubeba chaji kidogo kuliko hata mafuta mapya ya kupikia, kwa hiyo yakichanganywa karaini huivuta namba chini. Yaani chombo kilichotengenezwa kukulinda kitakuonyesha kijani. Transfoma za zamani nyingine zina PCB, kemikali zilizopigwa marufuku kwa Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, nazo huingia mwilini na kukaa. Sura ya 254 ya sheria za Kenya inakataza kuuza chakula chenye sumu, na hili halina mjadala. Ishara ninayoifuata mimi ni namba nzuri kupita kiasi: mawese yaliyotumika siku tatu yakisoma 4, chini ya mtungi mpya, sisifu mtu. Nauliza mtungi umetoka wapi.

Siri ya zile fraya mbili

Mpishi mkuu wa hoteli ile hakuniamini mpaka tulipokaa na daftari la stoo. Fraya ya kushoto, ile nyeusi, ilikuwa ya lita 12. Samaki na kuku walitoka, hata msimu ule mbaya, kwa sababu wafanyakazi wenyewe walikula humo. Kila chakula huondoka na mafuta yake mwilini, na kila jioni kijana aliongeza kama lita 3. Ukigawa, mafuta yote ya fraya ile yalikuwa yakibadilishwa kila siku nne hivi bila mtu kujua. Meusi, ndiyo, kwa unga na viungo. Mazee, hapana.

Ya kulia iliwashwa saa nne asubuhi na kuzimwa saa tano usiku, nyuzi 185, ikingoja wageni. Siku nyingine zilitoka sahani tatu za chipsi. Hakikutoka chakula, kwa hiyo hayakuongezwa mafuta. Hakukuwa na mvuke wa kutanda blanketi, kwa hiyo hewa ilikuwa na kazi moja tu, kula. Yalipikwa mafuta yenyewe siku kumi na moja.

Ndiyo sababu huwa nasema, na wenye hoteli hawapendi, kwamba kibanda chenye foleni mara nyingi kina mafuta mapya kuliko jiko la marumaru msimu wa masika. Kiasi unachoongeza kwa siku, ukikigawanya kwa ujazo wa chombo, kinakwambia mengi kabla hujanunua mita yoyote. Fraya ndogo iliyo na kazi ni bora kuliko kubwa inayongoja. Zima, au shusha hadi nyuzi 120 au 130 kukiwa kimya. Kuharibika kwa mafuta hupungua sana joto likishuka. Funika usiku. Tia chumvi baada ya kutoa, si juu ya karai.

Na usiogope ya jana kupita kiasi. Mapema miaka ya 1990 Mmarekani Michael Blumenthal alieleza jambo ambalo mama zetu walikuwa wakilifanya bila maelezo: mafuta mapya kabisa hayakaangi vizuri. Hayakubaliani na maji ya kiazi, yanakaa mbali nacho, chipsi hutoka nyeupe na legelege. Yakishapata vitu vya pola kidogo huanza kukigusa kiazi, hapo ndipo rangi ya dhahabu na ukavu wa nje hupatikana. Yakizidi, hukigusa mno: nje huungua kabla ndani hakujaiva, na mafuta huzama ndani ya chipsi. Wale wanaoacha upawa mmoja wa mafuta ya jana kwenye karai jipya wanaruka ile hatua ya kwanza. Na anayening'inia na mafuta yaliyokufa akidhani anabana matumizi, atazame mfuko wa karatasi wa mteja wake: ile akiba imezama kwenye chipsi na inatoka mlangoni kwa miguu.

Jioni ya siku ile ile, nikirudi mjini, nilipita Kibokoni kwa bi mkubwa mmoja ninayemnunulia viazi karai. Karai lake lilikuwa rangi ya udongo mwekundu, pembeni mtungi uko nusu, na watoto wamesimama na sarafu mkononi. Nikamwomba ruhusa nipime. Akasema mimi sihitaji hiyo, nikiona povu halivunjiki najua, lakini pima mwanangu usije ukalala na dukuduku. Akatoa viazi, tukangoja povu litulie, watoto wakanikodolea macho. 14.

"Kumi na nne ni nzuri au mbaya?"

"Nzuri, bi mkubwa."

"Haya, basi nipishe. Watu wanangoja."